Kung'oa sanduku la fyuzi la kizamani na kuweka la breka: mwongozo kamili kwa nyumba kuukuu

Hajati alinipigia simu kwa sababu taa za sebuleni zilikuwa zinafifia kila mjukuu wake akichomeka pasi. Nyumba yake iko Walukuba, Jinja, katika zile zilizojengwa miaka ya 1950, enzi za kufunguliwa kwa bwawa la Owen Falls (1954) ambalo siku hizi tunaliita Nalubaale. Ukutani, karibu na mlango wa jikoni, kulikuwa na ubao, na juu ya ubao sanduku jeusi la chuma lenye mkono wa swichi kuu ubavuni. Ndani, fyuzi sita za kauri. Nilishusha swichi kuu, nikachomoa moja yenye doa jeupe. Doa jeupe maana yake ni ampea 5, na waya wake wa fyuzi unatakiwa uwe na unene wa milimita 0.2 tu. Nilichokuta ni nyuzi nane za shaba zimesokotwa pamoja, zimetolewa kwenye waya wa ekstensheni.

"Hajati, nani aliweka hii?"

"Mwanangu, ile ya kwanza ilikuwa inakatika kila siku. Hii haijakatika tangu Ramadhani ya mwaka juzi."

Alisema kwa kuisifu. Lakini nyuzi nane za namna ile zinakaribia fyuzi ya ampea 20, na fyuzi ya waya haikatiki ikifika namba yake. Hungoja mpaka umeme ukaribie mara mbili ya namba hiyo. Kwa hiyo waya mwembamba wa taa, wenye umri wa kumzidi fundi, ulikuwa umeachwa bila mlinzi. Kauri yenyewe ilikuwa imegeuka rangi ya chai upande mmoja.

Nitaeleza kazi yote tuliyoifanya pale, kwa mpangilio wake. Jambo moja uliweke kichwani tangu sasa: breka (swichi inayojikata mzigo ukizidi) inalinda waya, RCD (kifaa kinachokata umeme ukivuja) inalinda mtu, na ethi (njia ya kupeleka umeme wa hitilafu ardhini) ndiyo inayowezesha hitilafu kukatwa kabla mtu hajaigusa. Ukinunua sanduku jipya linalong'aa ukaliunga kwenye nyaya zilizooza na ethi isiyokuwepo, umebadilisha shati bila kuoga.

Kwanza, mipaka: ipi kazi yako, ipi si yako

Mwenye nyumba anaweza kuchunguza, kuhesabu, kununua, kusimamia na kuandika lebo. Kufungua sanduku kwa bisibisi na kuunga nyaya ni kazi ya fundi mwenye kibali cha ERA, mamlaka inayosimamia umeme Uganda. Vibali hivyo vina madaraja na vina tarehe ya kuisha. Mwombe akuonyeshe chake, usione haya. Fundi wa kweli anacho na hachukii kuulizwa. Kazi ikiisha akupe cheti cha ukaguzi chenye sahihi yake.

Kuanzia nguzo hadi mita ni mali ya msambazaji, yaani UEDCL, aliyechukua kazi mwezi wa Aprili 2025 mkataba wa miaka 20 wa kampuni iliyoitwa Umeme ulipokwisha. Lakiri ya mita usiiguse, wala fundi wako asiiguse. Ni kosa kisheria, na si sababu hiyo tu: waya unaotoka kwenye mita kuja kwenye swichi kuu unabaki na umeme hata ukishusha swichi kuu. Ndio waya unaoua mafundi wengi wa mtaani, kwa sababu nyumba nzima imekuwa giza na mtu anajiona yuko salama.

Nimeshaona pia fundi anafanya kazi kwa kuwa "Yaka imeisha", yaani umeme wa kulipia kabla. Yuniti kuisha si kuzima umeme. Jirani akikutumia tokeni kwa wema wake, au mtoto akizibonyeza namba akidhani anasaidia, wewe mkono wako uko wapi?

Hatua ya 1: lisome sanduku la zamani

Chukua tochi na daftari. Usifungue chochote kwa bisibisi. Vitu vingi vinaonekana kwa nje, na vingine utavihisi kwa pua na kiganja.

Hesabu fyuzi na rangi zake: nyeupe ni ampea 5, buluu 15, njano 20, nyekundu 30, kijani 45. Kisha zima moja moja kwa utaratibu huu: shusha swichi kuu, chomoa fyuzi moja, pandisha swichi, tembea nyumba nzima uone nini kimekufa. Andika. Kwa Hajati, fyuzi moja ilizima taa za sebule, soketi ya pasi na kengele ya mlango. Hapo ndipo nilipojua kwa nini taa zilikuwa zinafifia.

Gusa ubao na ukuta pembeni ya sanduku kwa nyuma ya kiganja. Pasiwe na joto. Nusa. Plastiki na bakelaiti za umeme zikiungua polepole hutoa harufu inayofanana na samaki, na tabu ya Jinja ni kwamba harufu ya samaki ndani ya nyumba haimshtui mtu. Hajati aliisikia miezi mitatu akidhani ni sangara wa jirani.

Tazama pia kama kila mstari, yaani kila njia ya nyaya inayotoka kwenye sanduku, una fyuzi mbili, moja ya laivu (waya unaoleta umeme) na moja ya nyutro (unaourudisha). Mafundi wa zamani walifanya hivyo sana. Kasoro yake ni hii: ikikatika ya nyutro peke yake, balbu inazimika, wewe unadhani hakuna umeme, unapanda stuli kubadilisha kishikio cha balbu, na laivu bado ipo palepale inakusubiri. Nyumba yenye fyuzi mbili kwa kila mstari usiipe muda; ipange ya kwanza.

Hatua ya 2: hesabu mzigo

Gawanya wati kwa 240, ambayo ni volti yetu, upate ampea. Birika la wati 2000 linakula ampea 8 na kitu. Pasi ya wati 1200 ni ampea 5. Friji ya nyumbani ni kidogo sana, ila inapoanza kuvuta huruka juu kwa sekunde moja au mbili. Bafu la umeme, lile linalopasha maji hapohapo kichwani, la wati 5500, linakula ampea 23 peke yake, na ndilo linalochomekwa kihuni kuliko vyote. Nimeona limeungwa kwenye waya wa taa ya bafuni kwa sababu "ulikuwa karibu". Bafu la namna hiyo lina mstari wake kutoka kwenye sanduku, halina mjadala. Baadhi ya mabafu ya bei rahisi yana koili iliyo wazi ndani ya maji, na hayo yatakorofishana na RCD kila siku. Ukiwa nalo, tatizo ni bafu. RCD iache.

Hatua ya 3: pima nyaya kabla ya kununua sanduku

Wengi wanaruka hapa, kisha wanalia. Fyuzi ya zamani ilikuwa inavumilia uvujaji mdogo usiojulikana. Sanduku jipya halivumilii. Ukiunga sanduku bila kupima, litaruka siku ileile, na fundi asiye na subira ataiondoa RCD ili "umeme ukae". Hapo umetupa pesa zako.

Fundi aje na mega, kipimo kinachosukuma volti 500 kwenye waya uliokatwa umeme ili kuona kama ganda lake bado linashika. Vyombo vyote vichomolewe, balbu zitolewe, la sivyo kipimo kitadanganya na kinaweza kuua televisheni. Mstari mzima usome walau megaomu 1. Waya mpya husoma mamia. Mistari miwili ya Hajati ilisoma chini ya nusu.

Sababu tuliiona tulipofungua kisanduku cha swichi: nyaya za mpira zilizovikwa kitambaa cha pamba. Nilikunja ncha moja kidogo tu na ganda likamwagika kiganjani kama makombo ya mkate mkavu, shaba ikabaki uchi. Waya wa namna hiyo haurekebishwi kwa utepe. Unavutwa mpya, mwisho wa habari. Ukikuta nyekundu na nyeusi za plastiki ambazo bado ni laini, hizo ni rangi za zamani za laivu na nyutro na zinaweza kubaki zikipita kipimo. Nyaya mpya ni kahawia kwa laivu, buluu kwa nyutro, kijani na njano kwa ethi. Nyumba ikiwa na rangi za aina mbili, libandikwe onyo kwenye sanduku, maana nyeusi ya zamani na buluu mpya ni kitu kimoja, na fundi wa kesho hatajua.

Ugonjwa mwingine wa nyumba kuukuu ni nyutro ya kuazima: taa ya korido inachukua laivu kwenye mstari huu na nyutro kwenye mstari ule kwa sababu mtu alibana waya. Kwenye fyuzi haikuonekana. RCD inalinganisha umeme unaokwenda na unaorudi, na hapo haurudi kwa njia yake, basi inaruka. Itafutwe sasa, wakati nyaya ziko wazi.

Hatua ya 4: ethi

Nimekaa sana kwenye hili na nyumba za watu, kwa hiyo nivumilie.

Nyumba nyingi za zamani zilifungwa ethi kwenye bomba la maji la chuma. Ilifanya kazi, mpaka siku bomba la nje lilipobadilishwa kuwa la plastiki. Hakuna aliyeona kitu, taa ziliendelea kuwaka, lakini ethi ilikufa siku hiyo. Kwa Hajati waya wa ethi ulikuwepo, umefungwa vizuri kwa kibano cha shaba, kwenye kipande cha bomba cha urefu wa mkono kisichoenda popote. Kwingine fimbo ilikuwepo ila wezi wa shaba waliipitia.

Piga hesabu hii. Fimbo yako ardhini ina omu 20, ambayo si mbaya. Laivu ikigusa bati la jokofu, umeme unaokwenda ardhini ni 240 gawa kwa 20, yaani ampea 12. Breka ya ampea 32 inaona ampea 12 na kuendelea kulala, kwa kuwa hilo kwake ni birika na nusu. Jokofu linabaki na umeme mpaka mtoto alifungue akiwa pekupeku. RCD ya miliampea 30 haihitaji 12, inahitaji 0.03, na inakata kabla mtu hajamaliza kusema "aa". Ndiyo maana, nyumba inayotegemea fimbo yake yenyewe, RCD si anasa.

Fimbo iwe ya chuma kilichopakwa shaba, ya mita 1.2 au zaidi, ipigwe yote ardhini mahali penye unyevu, mbali na njia ya watu, ndani ya kijisanduku chenye kifuniko ili iweze kukaguliwa. Murramu iliyokauka ni mbaya kwa ethi. Fimbo ya pili iliyoungwa na ya kwanza husaidia kuliko maneno. Mafundi wetu hupenda kumwaga chumvi na mkaa. Chumvi inashusha kipimo siku ya ukaguzi, kisha mvua inaiosha na iliyobaki inakula kibano. Mimi siiweki. Pima kwa kipimo cha ethi: omu 10 ni vizuri sana, 100 bado RCD itafanya kazi, zaidi ya 200 usiitegemee kwani kiangazi itapanda.

Hatua ya 5: kununua

Chukua sanduku la chuma lenye nafasi mbili au tatu zaidi ya unazohitaji leo. Ndani yake swichi kuu ya kukata laivu na nyutro kwa pamoja, RCD ya miliampea 30, na breka. Kwa nyumba ya kawaida (breka kwa ampea, waya kwa milimita za mraba):

- taa: breka ya 6, waya wa 1.5
- soketi za mstari mmoja: breka ya 20, waya wa 2.5
- hita ya tangi la maji, wati 3000: breka ya 20, waya wa 2.5
- bafu la umeme: breka ya 32, waya wa 6
- jiko la umeme: breka ya 32, waya wa 6

Waya ukipita juu ya dari ya mabati yenye joto, au ukibanwa na wenzake wengi kwenye bomba moja, panda saizi moja.

Breka zina herufi mbele ya namba. B hukata ghafla umeme ukifika mara 3 hadi 5 ya namba yake, C mara 5 hadi 10. Kwa nyumba chagua B, isipokuwa una mashine yenye mota kubwa. Zile za bei poa zinazojaa madukani ni C nyingi kuliko B, kwa hiyo soma, usipokee tu. Breka halali imeandikwa IEC 60898 na ina namba 6000 ndani ya kijisanduku cha mstatili. Iinue mkononi: bandia huwa nyepesi kama kibiriti, maandishi yanafutika kwa kidole chenye mate.

Kama mfuko unaruhusu, tenga taa na soketi kwenye RCD mbili, ili pasi ikileta hitilafu usiku usibaki gizani ukipapasa. Na kwa kuwa tuko kando ya Ziwa Victoria, nchi ya radi, ongeza kizuia radi cha aina ya 2 ndani ya sanduku. Hakitazuia radi iliyopiga paa. Kitapunguza pigo linalokuja kwa waya. Televisheni bado ichomolewe mawingu yakijikusanya.

Hatua ya 6: siku ya kazi

Anza asubuhi, siku isiyo na mvua. Mjulishe msambazaji mapema aje kukata, na kurudisha. Zima inveta, sola na jenereta, na uzitenganishe kabisa, kwa sababu zinaweza kurudisha umeme kinyumenyume kwenye nyaya mnazodhani zimekufa.

Umeme ukishakatwa, fundi athibitishe kwa hatua tatu: ajaribu kipimo chake mahali anapojua pana umeme, apime kwenye nyaya za sanduku, kisha arudi ajaribu tena pale pa kwanza. Kipimo kilichokufa betri nacho husoma sifuri. Bisibisi ya testa yenye kitaa si kipimo.

Piga picha ya sanduku la zamani, funga lebo kwenye kila waya, ndipo kila kitu kitoke: sanduku, fyuzi, hata ubao. Sanduku jipya lifungwe mahali mtu mzima anapolifikia bila kupanda kiti, si ndani ya kabati la nguo, si juu ya jiko. Kila tundu la kuingizia waya liwekewe mpira, maana ukingo wa bati ni kisu.

Nyaya kutoka mita zisipungue milimita za mraba 16. Mistari mizito ikae karibu na swichi kuu. Nyutro zisipite kwenye fyuzi wala breka ya peke yake. Kila nyutro ya mstari unaolindwa na RCD iende kwenye baa (kipande cha chuma cha kuungia nyaya) ya RCD hiyohiyo, si nyingine. Ethi zote ziende kwenye baa yake, ikiwemo ya mlango wa sanduku lenyewe na ya mabomba ya chuma yaliyobaki.

Kisha skrubu. Moto mwingi wa sanduku jipya huanzia kwenye skrubu iliyolegea, si kwenye kifaa kibovu. Ncha ya waya iingie yote, shaba isionekane nje, na ganda lisibanwe chini ya skrubu. Baada ya kukaza, vuta kila waya kwa nguvu ya kufunga kamba ya kiatu. Mimi huvuta mwenyewe baada ya fundi msaidizi, na sijawahi kumaliza sanduku bila kukuta mmoja uliotoka.

Hatua ya 7: kupima kabla ya kusherehekea

Kabla umeme haujarudi: mega tena kwa kila mstari, mwendelezo wa ethi mpaka soketi ya mbali kabisa, na kuhakikisha kila swichi inakata laivu, si nyutro. Umeme ukirudi: hakikisha laivu na nyutro hazijageuzwa huko nje (hutokea baada ya matengenezo ya nguzo), halafu RCD ipimwe kwa kifaa chake. Kwa miliampea 30 ikate ndani ya milisekunde 300; kwa mara tano yake, ndani ya 40. Mwisho bonyeza kitufe cha T mbele ya mwenye nyumba ili ajue sauti yake. Kitufe hicho kinapima RCD tu, hakisemi lolote kuhusu ethi. Kibonyezwe kila miezi mitatu.

Ikiruka

Hajati alinipigia tena wiki tatu baadaye, saa nne usiku, mvua inanyesha. "Mwanangu, kitu chako kimezima soketi zote na taa ya nje." Nilimwelekeza kwa simu: shusha breka zote zilizo chini ya RCD iliyoruka, pandisha RCD, kisha pandisha breka moja moja. Soketi zilikaa. Ya mwisho, iliyoandikwa "taa ya nje" kwa mwandiko wa mjukuu, ilipopanda tu RCD ikaruka. Aiache chini, apandishe zingine, alale.

Asubuhi nilifungua ile taa ya nje. Kioo kilikuwa kimejaa maji mpaka nusu, na sisimizi waliokufa wanaelea. Zamani, kwenye fyuzi, ingeendelea kuwaka hivyohivyo, na bati lake likiwa na umeme, kando ya kamba ya kuanikia nguo. Nilitoboa tundu dogo chini ya kioo maji yawe yanatoka, nikabadilisha mpira, nikapandisha breka. Hajati alikuwa ameketi barazani na ile fyuzi ya kauri yenye doa jeupe. Ameiweka juu ya leso zake zisipeperuke.